Basi ya Kumleta Mama

Juzi nilikuwa kwa holi ya kanisa hapa Sotik, tukingoja vijana wa kwaya wapange vyombo vyao, na mmoja akawasha amplifaya nzee ya gitaa, zile za valvu, chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani. Wenzangu wakaanza kulalamika kwamba inachelewa kupata moto. Mimi sikulalamika, na wanaonijua wangeshangaa, sababu kitu kikichelewa hata kidogo mimi ndiye wa kwanza kuguna. Nilikuwa nimenusa. Vumbi ikiungua polepole juu ya kioo cha valvu haina harufu kama kitu kingine. Si moshi, si mpira. Ni kama chuma imeamka na bado haijanawa uso. Nikatoka nje nikasimama kando ya tangi ya maji, nikajiambia mimi ni mtu wa Form Four sasa, sitalia mbele ya watu sababu ya sanduku.

Nitaandika hii mambo mara moja nimalizane nayo. Kama wewe ni wa rika langu, na ulikulia huku kwa majani chai na watu wenu walitoka Central kama wetu, labda hata wewe kuna sanduku yako.

Tulikuwa tunaishi nyuma ya faktori, upande wa Boito. Wafanyakazi wengine walikaa chini kwa laini, zile nyumba za safu, lakini baba alikuwa fundi wa mitambo, akapewa nyumba inayoegemea ukuta wa faktori ili injini ikikohoa aisikie akiwa kwa meza. Feni za kunyausha majani zilinguruma mchana kutwa mpaka tukasahau kwamba zinanguruma. Mtu akija kututembelea alikuwa anapiga kelele akiongea, na sisi tunashangaa ana shida gani. Ukifungua mlango ulikuwa unaona chai tu, imekatwa juu sawasawa kama meza, inapanda kilima na kuteremka upande ule mwingine. Watu wa kupita wanasema hiyo ni maridadi. Mimi niliiona kama ukuta mtu amelaza chini.

Hiyo ilikuwa wakati wa Emergency, ile ya Mau Mau. Mkikuyu hakuwa anatoka nje ya geti bila pasi, ile karatasi ya ruhusa, na baba hakuwa na pasi. Watu wetu wengi walikuwa wamepakiwa kwa lori wakarudishwa Rizavu, kule Central serikali iliwatengea Wakikuyu. Baba aliachwa sababu hakuna mwingine aliyejua kutuliza ile injini kubwa. Mama alikuwa ameenda kwao kumzika babake, ndugu yangu Njoroge akiwa mgongoni bado ananyonya, na alisema atarudi wakimaliza maombi. Barabara zikafungwa akiwa huko. Watu wazima walikuwa wanasema, "Mama yake amefungiwa Rizavu," na mimi nilidhani Rizavu ni nyumba moja kubwa yenye mlango mmoja, na kuna mtu ameenda na ufunguo akasahau kurudi.

Tulibaki wawili, mimi na baba. Aliniita Maitu, maana yake mama yangu, sababu nimepewa jina la mamake, na baba wa Kikuyu hawezi kumuita mtoto kama huyo hivi hivi tu. Zamani nilikuwa napenda. Lakini nyumba ikiwa haina mama, na wewe mtoto ndiye unaitwa mama kila saa, inakuwa kama nguo ya mtu mkubwa umevalishwa.

Kitu cha mama kilichobaki ni redio. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, ya valvu pia, na ilikaa kwa rafu na kitambaa juu alichokishona mwenyewe. Baba alikuwa amevuta waya kutoka faktori, kwa hivyo tulikuwa na stima kama wazungu. Jioni baba aliiwasha, tukasikiliza nyimbo ambazo mama alikuwa anaimba nazo akipepeta maharagwe. Hiyo ndiyo ilikuwa maombi yetu, kusema kweli, kuliko ile ya kanisa.

Mtu aliyekuja kwetu kila siku alikuwa nyapara wa faktori, arap Ngeno, Mkipsigis mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa yakavutwa mpaka akayakunja juu kama mtu anakunja mkono wa shati. Yeye na baba walikuwa wanachekana vile wanavyoongea Kiswahili.

"Fundi, hebu sema lori."

"Rori."

"Rori! Sikia huyu. Alienta Purma na jesi, hajui lori."

"Na wewe sema gitaa."

"Kitaa."

"Mzee, nenda nyumbani."

Walicheka hivyo kila siku, maneno yale yale, na hawakuchoka. Baba kweli alikuwa ameenda Burma wakati wa vita. Huko ndiko alijifunza mambo ya redio, kwa magari ya mawasiliano ya jeshi.

Sasa, Bwana Mkubwa wa shamba alikuwa na kijana wa dada yake aliyekuja kutoka Ulaya, tukimuita Bwana Mdogo. Alikuja na gitaa ya stima na amplifaya yake, sanduku limevikwa kitambaa mbele na taa nyekundu ndogo juu. Wazungu walikuwa wanapanga densi kwa klabu yao na yeye ndiye apige. Akaipiga kidogo kwa veranda, ikaimba vizuri, halafu ikaanza kuvuma kama mzinga umetikiswa, sauti ikakwama kwa koo, ikanyamaza.

Arap Ngeno ndiye alileta lile sanduku kwetu kwa toroli, Jumamosi mchana, injini ikiwa imezimwa kwa nusu siku.

"Fundi," alisema, na hakuanza na mchezo wa lori, "hii kitu ya kitaa imekufa. Pwana Mkupwa anasema kwa hiyo tensi TO atakuja. Wewe ukitengenesa, Pwana ataongea na TO, upewe basi uende ulete mama ya watoto."

Baba alikuwa anapangusa mikono na tambara. Akaacha.

"Amesema hivyo?"

"Kwa mtomo yake."

Sasa lazima nieleze, ingawa wewe wa hapa ushajua. Arap Ngeno alikuwa anasema pasi; kwa mdomo wake b inakuwa p, na p ikijitahidi sana inakuwa b. TO ni DO, afisa wa serikali wa wilaya, na ndiye alikuwa anatoa pasi. Baba alisikia pasi, sababu kwa kichwa chake hakukuwa na neno lingine. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na masikio yangu mazuri ya mtoto, na nikasikia kile mdomo ulisema: basi. Yale mabasi niliyoyaona kutoka juu ya kilima yakipita mbali kwa barabara ya Sotik, vitanda na kuku juu, vumbi nyuma. Sikuona ajabu. Bwana Mkubwa alikuwa na lori na trekta, na gari la kwenda klabu. Atashindwa na basi moja?

Nilikimbia nikamwambia Chebet, msichana wa arap Ngeno, ambaye tulikuwa tunacheza naye.

"Tunapewa basi."

"Ya nini?"

"Ya kumleta mama."

Chebet alikuwa mtoto wa kufikiria. Alitazama nyumba yetu, akatazama njia nyembamba ya kuja pale, akauliza, "Na itageukia wapi?"

Hapo ndipo nilianza kazi. Kando ya nyumba kulikuwa na uwanja mdogo wa mawe na magugu, na mimi na Chebet tukaanza kuusafisha. Tulibeba mawe kwa sketi. Tuling'oa magugu, tukafagia na matawi. Nilipima kwa mwili wangu, nikilala chini na Chebet akiweka kijiti nilipoishia, sababu nilitaka kujua basi ni mimi ngapi. Baba akipita alikuwa anatazama ule uwanja unavyokuwa mweupe, anatikisa kichwa akitabasamu kidogo. Alidhani namsafishia mama nyumba.

Na yeye alikuwa na kazi yake. Aliweka lile sanduku kwa meza, akafungua mgongo, na akanishika mkono kwanza kabla hajagusa kitu.

"Maitu, unaona hii mikebe miwili? Inaitwa kondensa. Hata nikizima, hata nikitoa waya kwa ukuta, stima imefungiwa humo ndani. Imekaa inangoja. Ukiigusa inatokea kwako."

"Inangoja mpaka lini?"

"Mpaka ipate njia."

Akachukua bisibisi ya mpini wa mbao, akagusisha chuma zake mbili pamoja. Tap! Cheche ya buluu. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Sikulala vizuri nikifikiria ile kitu inayokaa imenyamaza hivyo, na ndani imejaa.

Halafu akaiwasha. Valvu zikaanza kupata rangi ya machungwa taratibu, na ile harufu ikaja, ile ya juzi. Baba alizigonga moja moja na kalamu ya risasi, taratibu sana, sikio limeinama. Alikuwa anagonga hivyo kila kitu, hata redio, hata injini, kusikia kama kuna kitu imelegea ndani. Spika ikavuma. Na mimi nikaona.

"Baba, hiyo kubwa inaona haya."

"Ipi?"

"Hiyo ya mwisho. Inakuwa nyekundu uso."

Ilikuwa kweli. Ile valvu kubwa, si waya ya katikati tu, hata bati yake ya ndani ilikuwa imeanza kuiva, nyekundu kama ndani ya jiko. Baba alizima haraka. Bwana Mdogo alikuwa ametuma valvu ya akiba, ikiwa kwa karatasi yake. Baba akaitia. Ikaimba vizuri, na tukangoja. Halafu na hiyo pia ikaanza kuona haya.

Bwana Mdogo alikuja kutazama, akasimama na mikono mfukoni. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni.

"Wewe nafanya nini? Mimi nataka hii kwisha mbele ya Jumamosi ya densi."

"Itakwisha, bwana."

"Valvu ile mpya naharibu?"

"Valvu si mgonjwa, bwana. Kuna mtu anaifanya iwe mgonjwa."

Bwana Mdogo aliangalia huku na huku kama anatafuta huyo mtu, halafu akaenda.

Kesho yake, tukitoka kanisani, ile ya laini, sababu ya nje ya geti hatukuwa tunafika, baba alichukua mita ya faktori akaanza kufuata stima kinyumenyume, kutoka kwa ile valvu kubwa kurudi nyuma. Mimi nilishika kioo cha kunyolea nikimrushia mwanga wa dirisha ndani ya sanduku. Aligusa mguu mmoja wa valvu na sindano ya mita ikainuka. Akatoa, akagusa tena. Ikainuka.

"Hapa haitakiwi kuwa na kitu," alisema. "Hapa inatakiwa ilale."

Akachukua koleo, akakata mguu mmoja wa kitu kidogo kama kidole, ya rangi ya samli. Sindano ikaanguka. Akawasha, tukangoja, na valvu haikuona haya. Lakini gitaa pia haikusikika hata kidogo.

"Ndiye huyu," alisema baba, akiinua kile kidole. "Hii pia ni kondensa, lakini ndogo. Kazi yake ni geti. Sauti ya gitaa ikija, aipitishe. Ile stima kali ikija, aizuie. Sasa amezeeka, anaacha stima inapita kidogo kidogo, na ndiyo inachoma yule wa mbele."

Nilifikiria hiyo maneno. Nilifikiria askari wa geti letu, na wale wa barabara ya kwenda Rizavu.

"Kwa hivyo kosa lake ni kuacha watu wapite?"

"Ndiyo."

"Baba, lakini huyo ndiye askari mzuri. Mbona unamtoa?"

Baba alinitazama. Kile kidole kilikuwa kwa kiganja chake, na alikifunga kiganja, akakaa hivyo. Halafu akasema, "Sababu nataka densi yao iende vizuri, Maitu." Na sauti yake haikuwa ya kunifundisha tena.

Ikabaki kupata kondensa ingine. Sotik kulikuwa na duka za Wahindi zinazouza vitu vya redio, lakini baba hangeweza kufika Sotik. Pasi ndiyo alikuwa anaitafuta, na kuitafuta kulitaka pasi. Kwa hivyo akamtuma arap Ngeno, ambaye alikuwa anaenda na lori ya chai. Alimfundisha kama mtoto wa standard one.

"Kondensa."

"Kontensa."

"Ndogo, kama kidole. Waya mbili."

"Kontensa, kitole, waya mpili. Fundi, mimi si mjinga."

Jioni alirudi anatembea kwa maringo. Alisema Muhindi alimwambia ziko nyingi sana, hata katoni nzima kama anataka. Akaingiza mkono kwa koti, akaweka kwa meza mkebe wa maziwa. Yale mazito, matamu, ya kizungu, yanayoitwa kondensi.

Baba aliugeuza. "Na waya ziko wapi?"

"Hata mimi niliulisa! Akasema nitopoe na msumari, itatoka."

Baba alianza kucheka polepole, halafu ikamshinda, akakaa chini kwa sakafu, akashika mguu wa meza. Arap Ngeno alisimama amekasirika, halafu na yeye masikio yake yakaanza kutingika. Nilikuwa sijamsikia baba akicheka hivyo tangu mama aende. Tulitoboa na msumari, ikatoka, tukanywa chai tamu sana sisi watatu, na Chebet nikamwekea kwa kikombe.

Lakini kicheko kiliisha, na arap Ngeno akaenda, na densi ilikuwa karibu. Baba alikaa akitazama rafu.

Nilijua kabla hajasimama. Alitoa kitambaa cha mama, akakikunja vizuri mara mbili, akaniwekea mkononi. Akageuza redio mgongo.

"Hiyo ni ya mama," nilisema.

"Najua."

"Akikuja atataka kusikiliza."

"Akikuja nitamrudishia. Mama akiwa hapa, kupata kondensa si kitu. Bila mama, redio ni ya nini?"

Nilikishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Aliyeyusha solda, ile risasi ya kuunga waya, moshi ukapanda na ile harufu yake ya miti ya misonobari, akatoa kidole cha redio akakitia kwa sanduku la mzungu. Ikakaa kama ilizaliwa humo. Bwana Mdogo alipokuja na gitaa akapiga, sauti ikajaa nyumba yetu mpaka vikombe vikatikisika kwa rafu, na valvu kubwa ikakaa na rangi yake ya machungwa, imetulia. Tulingoja sana. Haikuona haya.

"Wewe fundi mzuri sana," alisema Bwana Mdogo, na alikuwa anamaanisha. Alimshika baba mkono, kitu ambacho wazungu wa huku hawakufanya. "Mimi nasema kwa mjomba. Nasema kabisa."

Jioni ya densi jua lilikuwa bado juu ya kilima wakati ile gitaa ilianza. Klabu ilikuwa mbali, ng'ambo ya mashamba, lakini hewa ya kwetu ikipoa inabeba sauti. Mimi na baba tulisimama kwa uwanja wangu uliofagiliwa. Nyimbo zilikuja juu ya chai, zikaruka seng'enge, zikapita geti na askari wake bila kuulizwa kitu. Nilimwangalia baba kama anafurahia. Alikuwa hasikilizi nyimbo. Alikuwa anasikiliza chini ya nyimbo.

"Haivumi," alisema. "Hata kidogo."

Asubuhi aliamka akanyoa na kile kioo. Akavaa koti lake la jeshi, akafunga mkoba wa kamba. Mimi nilivaa gauni ya kanisa, ile ambayo mama alikunja pindo mara mbili ili nikue nayo, nikaenda kusimama kwa uwanja. Nilifagia mara ya mwisho. Chebet alikuja akasimama na mimi.

Arap Ngeno akatokea kwa njia, peke yake, anatembea polepole na fimbo yake.

"Chamge, fundi."

"Chamge, mzee."

Alichimba chini na ncha ya fimbo. Halafu akasema, "Fundi, Pwana amesema basi."

Baba aligeuka akaingia ndani kuchukua mkoba. Mimi nilianza kukimbia kwenda geti, Chebet nyuma yangu. Kwa hiyo dakika moja sisi wote tulikuwa na furaha, kila mtu na neno lake.

Askari wa geti alinizuia na fimbo.

"Weh, katoto, unaenda wapi?"

"Naenda kungoja basi."

"Basi gani?"

"Yetu. Ya kumleta mama."

Alitazama barabara upande huu na upande ule. Hakukuwa na kitu, chai tu. "Rudi kwa baba yako," alisema, na hakusema vibaya.

Niliporudi baba alikuwa amesimama mlangoni, mkoba mkononi, na arap Ngeno alikuwa ameshika mkono wake wa koti.

"Hapana hiyo basi, fundi. Nasema... imekwisa. TO amekataa. Pwana aliongea naye, mimi nilikuwa hapo, walinichukua nipepe vikompe. Huyu kijana pia aliongea. TO alisikilisa ile kitaa, akauliza nani ametengenesa. Wakasema ni wewe. Akasema, mtu anajua kasi namna hii, mkimuacha aende Risavu mtamuona tena wapi? Na mitampo nani ataangalia? Wakaona ni kweli."

Baba aliangalia mkoba mkononi.

"Wamekusifu sana, fundi," arap Ngeno alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka mzee mzima yule. "Walikusifu sana."

Mimi nilimvuta baba koti. "Basi iko wapi?"

Aliniangalia kama hajasikia vizuri. Akaangalia gauni. Halafu macho yake yakatoka kwangu yakaenda kwa ule uwanja, mweupe, bila jiwe moja, na vijiti vya Chebet vimesimama pale nilipokuwa najipima, na njia tuliyopanua ili iweze kugeuka.

"Maitu," alisema. "Ndiyo sababu ulifagia?"

Aliweka mkoba chini. Hakunieleza siku hiyo. Arap Ngeno ndiye aliyenieleza baadaye, akisema neno lile lile kila mara na mimi nikimwambia bado sijaelewa, mpaka akachora kwa mchanga karatasi na muhuri. Baba alibadilisha koti akaingia faktori, na baada ya muda injini ilianza, vizuri sana, bila kukohoa.

Sikufagia tena. Magugu yalirudi. Redio ilibaki kwa rafu imevaa kitambaa chake, na jioni tulikaa tukisikiliza feni. Baadaye Bwana Mdogo alirudi kwao na sanduku lake, na ile kondensa yetu ikaenda naye mpaka Ulaya. Ilipita geti zote.

Mimi nilikua. Ile gauni pindo moja lilikunjuliwa, halafu la pili, halafu ikapewa mtu. Mambo ya pasi yalipolegezwa, habari ilikuja kwamba mama ameruhusiwa, na baba akanichukua tukashuka Sotik kumpokea. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimuona baba nje ya geti. Alikuwa anatembea katikati ya barabara kama mtu asiyejua upande wake, na mimi ndiye nilimvuta kando.

Basi ilifika na vumbi yake, vitanda na kuku juu, vile vile. Nilikuwa nimefikiria hiyo dakika mara nyingi sana mpaka ilipofika sikujua nisimame namna gani. Mama alishuka. Alikuwa mfupi kuliko vile nilimuacha. Nyuma yake akaruka kijana mmoja mwenye magoti ya vidonda, akatua kwa miguu yake miwili, akatuangalia. Nilitafuta mtoto mgongoni mwa mama kabla sijaelewa kwamba ni yeye.

Njoroge alijificha kwa nguo ya mama, akaonyesha baba na kidole, akauliza kwa Kikuyu, na kila mtu hapo stendi akasikia, "Na huyu ni nani?"

Mama ndipo alianza kulia, kwa sauti, mzigo bado uko kichwani. Baba alimtua ule mzigo. Halafu akaweka mkono wake kwa mgongo wa mama akaanza kumgonga taratibu na vidole, kichwa kimeinama, vile alikuwa anagonga redio kusikia kama kuna kitu imelegea ndani.

"Basi," alimwambia. "Basi, basi."